Mstari Uliosema "Asubuhi Tu"

Kilichoninyima usingizi hakikuwa kitu kikubwa. Kilikuwa mstari mmoja wa maandishi ambao haukuwepo kwenye karatasi, na sikujua kama nilikuwa na haki ya kuurudisha.

Karatasi yenyewe ilikuwa ripoti ya maziwa. Ilipanga vituo vyetu vyote vya kukusanyia, kuanzia Dindira kule mlimani hadi Kwedihamba kwenye tambarare za Handeni, na mbele ya kila kituo ikaweka lita zilizopokelewa. Kwedihamba kilikuwa mkiani, mbali kabisa na wenzake. Kwa ushahidi wa karatasi hiyo, kikao cha wakuu wa kampuni kilikuwa kinakaribia kuamua kwamba tangi la kupoozea maziwa ling'olewe Kwedihamba lipandishwe Dindira. Programu iliyochapa ripoti ile niliitengeneza mimi. Nikawa najiuliza: haya ni maziwa yote ya Kwedihamba, au ni yale tu ambayo aliyechapa alichagua kuyaona? Karatasi haikusema. Haikusema kwa sababu nilikuwa nimeamriwa kukiondoa kipande kinachosema.

Nitalirudia tangi. Kwanza tusalimiane.

Hamjambo, wadogo zangu. Ofisini wananiita mstaafu, ingawa kichwani sina mvi hata ya kuazima. Nimekaa kwenye meza hii hapa Korogwe tangu nilipotoka chuoni, sasa naiacha niende kufundisha, na nimeombwa niwaachie maelezo ninyi wawili mnaoirithi. Maelezo ya mfumo mtayakuta kwenye kompyuta. Haya ni yale ambayo hayakuingia humo.

Niwaambie mapema kwamba mimi, Rehema, ni mtu wa kuwaza. Mama yangu husema nikitumwa chumvi nitarudi nusu ya njia kuuliza ni ya mawe au ya unga, kisha nikifika dukani nitampigia simu kuhakikisha kama kweli alisema chumvi. Chuoni walinicheka. Kazini waliniogopa kidogo, maana kila jibu langu la "ndiyo" lilikuja na aya mbili za "lakini". Ila kwa kazi hii hasa, wadogo zangu, kuwaza kupita kiasi ni kipaji, na leo nakisema bila aibu.

Kazi yenyewe, ukiivua majina makubwa, ni hii. Mtu anakaa mbele ya kompyuta, anachagua anachotaka kuona: kituo kipi, tarehe zipi, zamu ipi, wafugaji gani. Anabonyeza, ripoti inatoka. Hayo anayoyachagua ndiyo vichujio, au filta kama tunavyosema ofisini. Wengi wanahangaikia namba na rangi za jedwali. Mimi ninachojivunia zaidi ni kile kipande kidogo chini ya kichwa cha ripoti, kinachomwambia msomaji hizo namba ni za nini hasa. Hakuna atakayewasifia kwa kipande hicho. Kikiwa sawasawa hakionekani, kikikosekana ndipo mambo yanaharibika.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya. Ripoti yangu ya kwanza nilimpelekea Mama Mhando, meneja wa ukusanyaji, mama wa Kizigua mwenye sauti inayofika kabla yake. Nilikuwa nimeandika juu kila alichochagua. Alichagua vituo vyote, nikaviandika vyote, kimoja kimoja, na koma katikati. Alichagua vijiji vyote, navyo vikafuata. Namba zilianza chini kabisa ya ukurasa, kama abiria aliyechelewa.

Mama Mhando aliigeuza karatasi, akaitazama nyuma, akaigeuza tena.

"Rehema, hii ni ripoti au mahudhurio ya shule?"

"Ni vituo ulivyochagua, mama."

"Nilichagua vyote!"

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana vimetokea vyote."

"Mtoto wa watu, nikichagua vyote si useme tu vyote?"

Nilirudi mezani nikawaza siku nzima. Alikuwa sahihi. Mtu akichagua kila kilichopo, andikeni "Vituo vyote", basi. Lakini hapo hapo wasiwasi ukanishika: akichagua vyote isipokuwa viwili je? Niandike orodha ndefu tena?

Hapo ndipo aliponisaidia Mzee Shemweta. Mzee huyu alikuwa karani kwenye mashamba ya mkonge enzi za taipureta, akastaafu, na kampuni yetu ikawa inamwita mara kwa mara kupitia hesabu. Alikuja na kofia yake ya sufi hata jua likiwaka. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, akacheka hadi akakohoa.

"Sikiliza, binti. Harusi ya mwanangu ukoo mzima ulikuja, akakosekana mjomba mmoja tu. Hadi leo watu wakiisimulia ile harusi, unadhani wanamtaja nani?"

"Mjomba."

"Enhe! Hawataji waliokuja. Wanamtaja mjomba. Na wewe mtaje mjomba."

Ndiyo maana ripoti zetu leo zinaandika "Vituo vyote isipokuwa Hale na Kabuku". Sijaona mahali pengine wanapofanya hivyo, na nilipofanikiwa kuifanya programu ihesabu yenyewe kipi kifupi, kutaja waliomo au kutaja waliokosekana, nilitoka nje nikanunua muhogo wa kukaanga nikala peke yangu kwa furaha. Vikiwa vichache, vitajeni kwa majina. Vikiwa vingi na havikaribii kuwa vyote, tajeni vitatu vya kwanza, kisha "na vingine", na idadi yake, halafu orodha kamili iwekeni ukurasa wa mwisho kwa atakayeihitaji. Kabla ya jina la mwisho wekeni "na", si koma. Ripoti inasomwa na watu, na watu husema "Dindira, Hale na Kabuku".

Mzee Shemweta aliniambia jambo lingine siku hiyo, nikaliandika kwenye karatasi nikalibandika chini ya kioo cha kompyuta. Mtalikuta hapo. Alisema: "Karatasi ukishaiachia mkononi, huwezi kuikimbilia barabarani ukaifafanue kwa kila anayeisoma."

Nisisahau kisa cha Hale. Pale kituoni wanabandika ripoti ukutani, wafugaji wanaisoma wakisubiri zamu ya kupima. Siku moja mhudumu wa kituo akanipigia simu.

"Dada Rehema, mwenyekiti wa wafugaji anauliza huyu Null ni nani."

"Nani?"

"Null. Ameandikwa hapa juu. Mfugaji: Null. Mwenyekiti anasema hamjui, na kama ndiye analeta maziwa yote haya, basi ana ng'ombe kuliko sisi sote tukijumlishwa. Anataka aalikwe kwenye mkutano."

Nyuma ya simu nilisikia watu wanacheka, na sauti moja ya mzee ikisisitiza kwamba jambo hili si la kucheka. Hakuna mfugaji aliyechaguliwa, kompyuta ikaandika neno lake la ndani la kusema hapana kitu. Tangu siku ile, mtu asipochagua, ripoti inaandika "Wafugaji wote". Maneno ya mashine yabaki kwa mashine. Vilevile msiandike msimbo wa kituo ambapo kituo kina jina, na kama tarehe ya kuanza na ya kuishia ni moja, andikeni tarehe moja. Mtu wa kawaida hasemi "kuanzia Jumatatu hadi Jumatatu".

Sasa niwapeleke Kwedihamba, maana bila kupajua hamtaelewa kilichonipata.

Nilikwenda huko kufunga kompyuta ya mkononi inayosoma mizani. Mimi ni mtoto wa Dindira. Kwetu ng'ombe anafungwa bandani, analetewa majani, anakamuliwa alfajiri, na kabla jua halijapanda juu ya milima maziwa yameshafika kituoni. Nilidhani dunia nzima ndivyo inavyokamua. Nilifika Kwedihamba mapema, nikafunga vifaa, nikasubiri wateja. Wakaja Wazigua wachache wanaokaa jirani na kituo, wakapima, wakaondoka. Kisha kimya. Nikaangalia barabara, vumbi tu. Nikaanza kuogopa kwamba nimeharibu kitu, labda watu wamesikia mashine mpya wakakimbia.

Jua likapita utosini. Ndipo wakaanza kutokea kutoka maporini: kina mama wa Kimasai, wengine na punda waliobeba madumu, wengine nyuma ya bodaboda, shanga zinasikika kabla ya miguu. Mbele yao alikuwa Mama Naserian, mwanamke mrefu mwenye kucheka kwa macho. Niliinamisha kichwa kama vijana wao wanavyowaamkia wakubwa, akanigusa utosini, nikamwambia shikamoo kwa Kiswahili changu cha mlimani.

"Marahaba. Wewe ndiye binti wa mashine? Mbona una sura ya mtu aliyefiwa?"

"Nilidhani hamji, mama. Nimengoja tangu asubuhi."

Wenzake wakacheka. Akawatafsiria kwa Kimaa, wakacheka upya.

"Asubuhi tuje kufanya nini? Asubuhi maziwa ni ya watoto. Nakamua ng'ombe wangu, mke mwenzangu anakamua wake. Watoto wanakunywa. Ndama wana fungu lao. Naweka ya kwenye kibuyu, ya kugandisha. Naangalia kama kuna mgeni. Yakibaki ndiyo nayaleta huku, na huku ni mbali. Ninyi wa mlimani ng'ombe wenu mnawafunga kama mbuzi wa sherehe, mnaamka mnakimbilia kuuza. Watoto wenu wanakunywa nini? Chai?"

"Chai," nilikiri. Kwetu majani ya chai ni ya kumwaga.

"Masikini," akasema, na safari hii hakuwa anatania.

Nikauliza kama baba wa boma naye huja kupima. Wakacheka zaidi ya mara zote. Maziwa ni ya mama, wakanieleza. Mwanamume ana ng'ombe, lakini anayegawa maziwa ni mke mwenye nyumba, na anayejua yamebaki kiasi gani ni yeye peke yake. Kwa hiyo tangi lile, linalonguruma ndani ya chumba cha bati pembeni ya barabara ya vumbi, lilikuwa ni kitu chao wao wanawake. Kabla halijaja, maziwa yale ya mchana yalichacha njiani kabla ya kufika Kabuku. Mama Naserian alilipigapiga ubavuni kama anavyopigwa ng'ombe mtulivu. "Huyu halali," akasema, "na hali majani."

Mhudumu wa kituo aliingiza maziwa yao yote kwenye mashine chini ya zamu ya mchana. Nililiona hilo kwa macho yangu, sikuliwazia kitu. Kumbukeni tu: Kwedihamba, karibu maziwa yote ni ya mchana.

Basi mambo mawili yakatokea ofisini, na kila moja peke yake lilikuwa na maana.

La kwanza, Mama Mhando alichoka kutia tiki zilezile kila siku. Akaomba mfumo ukumbuke alichochagua mara ya mwisho. Nikafanya hivyo, na akanishukuru mbele ya watu.

La pili, walikuja wageni. Ripoti waliyopewa ilikuwa na vijiji vingi vilivyochaguliwa, kipande changu cha juu kikarefuka, mstari wa mwisho wa jedwali ukasukumwa hadi ukurasa wa pili, na ukurasa wa pili ukabaki kwenye printa. Wageni wakasoma jedwali lisilo na jumla. Mama Mhando alirudi amevimba.

"Makorokoro yote ya juu toa. Nataka kichwa, tarehe, namba. Basi."

"Mama, naweza kuyafupisha. Ile njia ya isipokuwa tayari..."

"Rehema. Toa."

Nilitoa. Alikuwa bosi wangu na mkataba wangu wa kwanza ulikuwa unakaribia kwisha. Ripoti zikawa safi kama shati la Ijumaa, na kila mtu akazisifia.

Tulikuwa bado kwenye sifa hizo wakati kikao cha kujadili matangi kilipotangazwa. Mama Mhando akachapa ripoti ya vituo, nakala moja ikabaki kwenye mashine ya kurudufia, nikaiona Kwedihamba mkiani. Namba yake ingekuwa sifuri, isingekuwa hatari, maana sifuri kila mtu anaitilia shaka. Lakini ilikuwa namba ndogo tu, ya heshima, ya kusikitisha kidogo. Kikaniuma kitu. Nikafungua mfumo, nikachagua zamu ya asubuhi peke yake. Namba ikatoka ileile, lita kwa lita. Yalikuwa maziwa ya wale Wazigua wachache wa jirani na kituo. Mama Naserian na wenzake hawakuwemo.

Mtu mwingine angekimbia kusema. Mimi nikakaa chini kuwaza.

Vipi kama Mama Mhando alisahau? Wiki ile alikuwa anapanga ratiba ya gari la Dindira, na kwa ratiba hiyo alihitaji asubuhi tu. Mfumo ukamkumbukia, kama nilivyoufundisha. Lakini vipi kama hakusahau? Huenda alichagua asubuhi kwa makusudi, kwa sababu maziwa ya mchana yanafika na joto na yana usumbufu wake. Meneja ana haki ya kuwa na sababu zake. Kama alisahau, mstari wangu ungemwokoa. Kama alikusudia, ungemuumbua mbele ya wakuu, na mkataba wangu ulikuwa mezani kwake.

Nilijaribu kumuuliza kwa upole.

"Mama, ile ripoti ya vituo, ulichagua nini?"

"Nilichagua vyote. Kwa nini?"

"Hapana, nauliza tu."

"Wewe na kuuliza tu," akasema, na akaendelea na simu yake.

Mara mama yangu akanipigia kutoka Dindira, furaha inamtoka. "Rehema, eti tangi linakuja kwetu? Ni wewe umetuombea?" Ana ng'ombe wawili pale bandani, na lingemfaa. Nikasingizia kazi, nikakata simu. Kesho yake akapiga Mama Naserian, kwa simu ya mhudumu wa kituo.

"Binti wa mlimani. Tunasikia tangi linahamia kwenu."

"Bado halijaamuliwa, mama."

"Wanasema hatuleti maziwa. Wewe si ulituona?"

"Niliwaona."

"Basi waambie uliona." Nikasikia punda analia nyuma yake. "Au huko kwenu ukiona unatia kwenye chai?"

Nikaenda kwa Mzee Shemweta, nyumbani kwake Manundu, nikamkuta anapalilia bustani na kofia yake ya sufi. Nilimwaga yote: Mama Mhando, mkataba, ng'ombe wa mama yangu, punda. Alinisikiliza bila kuacha jembe.

"Unaweza kumnong'oneza bosi wako," akasema mwishoni. "Akachapa upya, yakaisha."

"Nimewaza hivyo pia. Lakini mwezi ujao atachapa nyingine, na mtu wa Hale atachapa nyingine, na hakuna wa kunong'ona."

"Kwa hiyo umeshajua unachotaka."

"Najua. Naogopa."

"Ogopa tu. Mimi mbona nilikuwa naogopa, mzungu wa shamba alikuwa na mbwa. Lakini kila taarifa yangu niliianza na 'Taarifa hii inahusu', kisha naeleza inahusu nini na haihusu nini. Alinifokea, ukurasa unajaa. Sikuacha. Mbwa alibweka na taipureta ikaandika."

Asubuhi ya kikao nilirudisha kipande cha juu. Nilikirudisha kwa namna niliyokuwa nimeiwaza muda wote ule niliokatazwa: mistari michache, yenye upana uleule wa jedwali ili isilisukume hata kidogo, kushoto jina la kichujio, kulia alichochagua mtu. Palipochaguliwa vyote, neno "zote", "vyote" au "wote" kwa wino wa kawaida. Palipochaguliwa sehemu tu, wino mzito, na neno "tu" mwishoni. Nililipenda sana hilo "tu". Kisha nikaenda kwa Mama Mhando, na sikumwambia nilichokiona. Nilimwomba achape mwenyewe ripoti yake, kwa akaunti yake, bila kugusa kitu.

"Si nilishachapa?"

"Chapa tena, mama. Tafadhali."

Alinitazama. Nadhani uso wangu ulikuwa ule wa mtu aliyefiwa. Akabonyeza, printa ikakohoa, karatasi ikatoka, akaichukua kabla yangu.

*Vituo: vyote*

*Wafugaji: wote*

*Zamu: asubuhi tu*

Alisoma mstari wa tatu, akakaa. Sauti yake ile inayofika kabla yake haikufika popote.

"Asubuhi tu," akasema. "Hii ni ya gari la Dindira."

"Ndiyo, mama."

"Na Kwedihamba wanaleta mchana."

"Ndiyo, mama. Punda ni wa taratibu."

Wadogo zangu, nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi: kufokewa, kufukuzwa, kulia. Sikuwa nimejiandaa kumwona akisimama, akirekebisha kilemba chake, na kuchagua "Zamu zote" kwa kidole kilichobonyeza kwa nguvu kupita mahitaji. Ripoti ikatoka upya. Kwedihamba ikapanda kutoka mkiani hadi katikati ya jedwali, ikaipita Hale. Akazichukua karatasi zote mbili, ya asubuhi tu na ya zamu zote, akaniambia nimfuate.

Kwenye kikao hakujificha. Aligawa karatasi zote mbili, akawaambia wakuu wasome chini ya kichwa kabla ya kusoma namba, akasema ile ya awali ilikuwa ya asubuhi na yeye ndiye aliyeichapa. Mkurugenzi aliusoma ule mstari kwa sauti. Akauliza nani ameuweka. Mama Mhando akaninyooshea kidole, na mimi nikainamisha kichwa kama niko Kwedihamba nasubiri kuguswa utosini. Tangi halikuhama. Dindira waliahidiwa lao, bajeti ikiruhusu, na mama yangu aliposikia alininunia kidogo, kisha akasema afadhali, maana lingekuja la wenyewe lingemletea maneno.

Mnaweza kudhani hapo ndipo niliamua. Hapana. Mpaka hapo nilikuwa nimejaribu tu. Mstari ule niliuweka kwa siku ile moja, na moyoni nilijiambia wakiukataa nitauondoa.

Uamuzi ulikuja jioni, tunafunga ofisi. Mama Mhando alisimama mlangoni na mkoba wake.

"Rehema, umenisaidia leo. Sijakataa. Lakini wageni watakuja tena, na mimi napenda ukurasa safi. Niwekee kitufe cha kuuficha huo mstari. Tutakitumia siku za wageni tu."

Kitufe kile ningekitengeneza kabla hajafika getini. Lilikuwa ombi dogo, la mtu aliyetoka kunitetea, na ndiye mwenye mkataba wangu. Nikangoja mawazo yangu yaanze kuzunguka kama kawaida: kwa upande mmoja, kwa upande mwingine, lakini, ila, labda. Hayakuja. Nilikuwa namwona Mama Naserian akilipigapiga tangi ubavuni.

"Hapana, mama," nikasema.

"Hapana?"

"Hapana. Wageni ndio hawajui tulichochagua. Wao ndio wanauhitaji kuliko sisi."

Akacheka kwa pua, cheko lile la Mama Mhando ambalo mtalizoea.

"Basi angalau punguza ukubwa wa maandishi."

"Hilo naweza."

Akaondoka. Nikawasha tena kompyuta, nikapunguza maandishi. Mstari nikauacha, na sehemu ya kuufichia sikuiweka.